Mishipa Iliyovimba Miguuni Yatibika

Mtu asimamaye kutwa, kama mwenye duka wa Mwihoko au mchuma kahawa wa Ruiru, huweza kuona mishipa ya miguu yake imevimba na kujipinda. Sababu yake ni hii: ndani ya mshipa mna vilango vidogo vizuiavyo damu isirudi chini, vikilegea, damu hutuama.

Daktari huweza kumpa mgonjwa soksi za kubana, kuudunga mshipa dawa ya kuuziba, kuuziba kwa joto, au kuutoa kwa upasuaji. Hapana hofu, kwani damu hupita katika mishipa mingine iliyo mizima.

Mshipa ukipasuka, mgonjwa alale, mguu uinuliwe, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe kamwe.