Sauti Inaenda, Picha Inakwama

Sisi tunaoishi Chamazi, jirani na Azam Complex, tuna jambo ambalo watu wa Sinza na Tabata hawalijui. Timu ikifunga, kelele za uwanjani hutuingilia dirishani kwanza. Goli lenyewe kwenye kompyuta linakuja baadaye, pengine baada ya nusu dakika nzima. Kuchelewa huko si ubovu wa kitu chochote. Video ya moja kwa moja hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande hubanwa na kusafirishwa, na kompyuta yako huweka kwanza akiba ya vipande kadhaa ndipo ianze kuonyesha. Hakuna fundi wa kuliondoa hilo.

Lipo tatizo jingine ambalo watu hulichanganya na hilo, na ndilo linalotutoa pesa. Picha inakwamakwama. Winga yuko katikati ya uwanja, mara yuko kwenye boksi, hukumwona akikimbia, na mtangazaji anaendelea kutangaza bila kukatika hata silabi moja. Mwenye kompyuta anasema mtandao unasumbua. Anabadilisha laini, anaongeza bando, anahamishia meza dirishani. Picha inabaki vilevile, kwa sababu katika hali hiyo mtandao umeshamaliza kazi yake.

Sikiliza sauti kabla ya kutoa hela. Sauti na picha vikisimama pamoja na kile kiduara kikaanza kuzunguka, data haijafika, na hapo lawama kweli ni ya mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazotuhudumia, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu, nchi nzima ilikitazama kiduara hicho, na hakuna kompyuta ambayo ingesaidia. Lakini sauti ikitiririka na picha ikarukaruka, data ipo ndani ya mashine tayari. Mashine ndiyo imeshindwa kuifungua kwa wakati. Kufungua sauti ni kazi nyepesi sana kwa kompyuta. Kufungua picha ni mzigo. Mzigo ukizidi, sauti huachwa iendelee, na fremu zilizochelewa hutupwa. Ule mruko wa winga ni fremu zilizotupwa.

Mzigo wenyewe unahesabika. Video ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2 katika kila fremu. Mpira mara nyingi hurushwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Zidisha: nukta milioni 124 kila sekunde, na prosesa ina milisekunde zisizofika 17 za kuandaa kila fremu. Sasa shusha hadi 480p. Fremu moja ina nukta kama laki 4 na elfu 10, na YouTube huzipa video za 480p fremu zisizozidi 30 kwa sekunde. Jumla inakuwa milioni 12 na kidogo. Mzigo umepungua mara kumi kwa kubonyeza mara chache tu.

Wengi hukataa ushauri huu wakidhani watakosa ubora waliolipia. Watazame kioo chao. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zina kioo cha nukta 1366 kwa 768, ambazo ni milioni 1 tu. Ukiwasha 1080p, mashine inahangaika kufungua nukta milioni 2, kisha inapunguza karibu nusu yake ili picha ienee kiooni. Bando limelika, prosesa imechoka, na jicho halikupata kitu. Kwa kioo hicho, kupita 720p ni hasara tupu.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini taarifa ya habari inakwenda vizuri na mpira unakwama kwenye mashine ileile? Video haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu. Msomaji wa habari ameketi, nyuma yake hakuna kinachosogea. Mabadiliko ni mdomo na macho. Uwanjani kamera inageuka kufuata mpira, na kila jani la nyasi na kila shabiki jukwaani amehama. Karibu kila kitu kinaandikwa upya na kufunguliwa upya.

Namna ya kubana na kufungua video huitwa kodeki, na hapa ndipo laptopu za zamani zinapoumia bila wenyewe kujua. Fikiria mashine ya kusaga ya mtaani. Ukipeleka mahindi makavu, dakika chache una unga. Ukipeleka kitu ambacho haikutengenezewa, unarudi nyumbani kwenye kinu na mchi. Ndani ya kompyuta kuna saketi maalumu ya kufungua video, na kila saketi inajua kodeki ambazo ilitengenezewa. H.264, kodeki ya mwaka 2003, inajulikana na karibu kila laptopu utakayoikuta Kariakoo leo. VP9 ya Google ilitoka 2013, na AV1 ikafuata 2018. Kwa prosesa za Intel Core, saketi inayoifungua VP9 kikamilifu ilikuja na kizazi cha 7, na ile ya AV1 ikaja na kizazi cha 11. Kodeki ambayo saketi haiijui, prosesa yenyewe inaitwanga.

YouTube mara nyingi huipa Chrome video za VP9 au AV1 kwa kuwa hubana vizuri zaidi na kuokoa data. Kwa laptopu ya kizazi cha 4, nia hiyo njema ndiyo mateso. Ili kujua unapewa ipi, bofya kitufe cha kulia juu ya video ya YouTube, uchague "Stats for nerds". Ukiona avc1, hiyo ni H.264. Ukiona vp09 au av01, umejua kodeki yako. Papo hapo utaona pia idadi ya fremu zilizotupwa. Namba hiyo ikipanda huku unaitazama, umemkamata mwizi. Vipo viongezi vidogo vya kivinjari, kinachojulikana zaidi ni h264ify, vinavyoilazimisha YouTube ikupe H.264. Gharama yake niiseme wazi: kwa ubora uleule, H.264 hula bando zaidi. Ndiyo maana naishauri pamoja na 480p, si peke yake. Hakikisha pia, kwenye mipangilio ya Chrome sehemu ya mfumo, kwamba kompyuta imeruhusiwa kutumia saketi zake za michoro. Swichi hiyo ikizimwa, kazi yote inarudi kwa prosesa.

Mwaka huu jirani yangu alimtuma kijana wake anayesoma chuo aniletee Dell Latitude E7440. Prosesa yake ni i5-4300U, na hiyo 4 ya mwanzo ndiyo kizazi. "Shikamoo mwalimu. Baba anasema laini zote tatu zimeshindikana," akaniambia. Tulifungua mechi ya zamani. Sauti safi, picha inarukaruka hata kwa 480p, na hilo lilinishangaza, kwani mashine ile 480p inaimudu. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kutazama mwendo wa prosesa: 0.79 GHz. Mwendo wake wa kawaida ni 1.9, na inaweza kupanda hadi 2.9. Ilikuwa inatembea kwa magoti.

Nikachomoa chaja, mwendo ukapanda palepale. Chaja za Dell za aina ile zina sindano nyembamba katikati ya kichwa, ambayo huieleza kompyuta chaja ina wati ngapi. Sindano ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga isiyojitambulisha, kompyuta haiamini umeme inaopewa. Inaacha kuchaji betri na kuibana prosesa. Chaja yao ya awali iliharibika wakanunua nyingine ya bei rahisi, na tangu siku hiyo "mtandao" ukaanza kusumbua. Iliniuma. Nyumba ile ilikuwa imenunua bando juu ya bando kwa miezi kadhaa, na dawa ilikuwa chaja halisi.

Joto hufanya jambo hilohilo taratibu. Kwetu vumbi ni la mchanga, na Januari chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro imezibwa pua. Ikipata joto kupita kiasi, prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Video ikiwa nzuri dakika 10 za mwanzo kisha ikaanza kukwama, ikalishe mashine juu ya meza, na mwombe fundi asafishe feni na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. RAM ya GB 4 na kivinjari chenye kurasa ishirini wazi ni ugomvi mwingine, hasa kama diski ni ile ya kuzunguka. Funga kurasa, na ukipata fedha weka SSD.

Ukienda Kariakoo kununua mtumba, muuzaji atakutajia i5 na i7 kwa sauti kubwa. Wewe soma namba inayofuata baada ya kistari. Ikianza na 7 au zaidi, au ikiwa na tarakimu mbili za kizazi kama 10 na 11, video za VP9 hazitakusumbua. Mwambie akuwashie mpira wa YouTube hapo dukani, ukiwa umechomeka chaja ileile utakayoondoka nayo, na uutazame kwa robo saa kabla hujalipa.