Funga, lakini Lisha Mifupa

Nina miaka 64, na hapa Tanga nimezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi. Sasa binti yangu kaniletea mtindo mwingine: kula ndani ya saa nane, kisha kukaa saa 16 bila chakula. "Mama, utapungua," ananiambia. Kupungua sikatai, mifupa ndiyo inayonitia wasiwasi.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa. Duniani, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 50 huvunjika kwa sababu ya mifupa dhaifu. Mtu akikonda kwa kujinyima, mfupa nao hupungua. Majaribio mengi ya kubana saa za kula hayakuona madhara makubwa kwenye mifupa, ila yalidumu miezi michache tu, na mfupa hubadilika polepole.

Hatari yenyewe ni kula kidogo. Mwanamke wa rika langu anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalisi kwa siku; kikombe cha maziwa hutoa kama 300. Ukifuturu kwa chai na kaimati tu, utazipata wapi? Mimi hula mtindi, maharage, na dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao. Tena natembea kila siku, maana mfupa usiofanyishwa kazi hulegea.

Mwenzangu, kama unatumia dawa za kisukari au umewahi kuvunjika, muone daktari kwanza. Na daku usiiache.