Gari Likisita Mlimani

Mama mwenzetu, gari la kabureta likizeeka huanza kudeka. La kwetu lilisita na kukohoa katika milima ya Kipengere, tukitoka Njombe kwenda Tandala, nyuma tumemlaza mama mkwe mgonjwa. Fundi alitaka tununue kabureta nyingine, na fedha hiyo ilikuwa ada ya watoto! Tulipovuta choki kidogo, gari likapata nguvu: dalili kwamba hewa ni nyingi, petroli haitoshi. Plagi nazo zilikuwa nyeupe. Tuliwasha injini tukatega sikio, tukasikia mvumo mwembamba. Mpira wa hewa chini ya kabureta ulikuwa umepasuka. Mipira ikiwa mizima, tazama chujio la petroli. Usichelewe, valvu zitaungua. Mpira mpya tuliupata Makambako. Kabureta ni ile ile.