Mipaka ikichorwa upya, Lamu itabaki na wabunge wangapi?

Mabarazani wiki hizi mjadala ni 2027: nani anasimama, nani kahama chama. Suala la mipaka ya maeneo bunge halizungumzwi sana, na kwa Lamu hilo ndilo zito zaidi.

Kifungu cha 89 cha Katiba kimeweka maeneo bunge 290 nchi nzima, na mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Mara ya mwisho ilikuwa 2012. Miaka kumi na miwili ilitimia Machi 2024, wakati IEBC haina hata kamishna mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Kwa hivyo kazi hiyo ingali inadaiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata wastani wa watu 164,015 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi wastani huo kwa asilimia 30, au asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache. Lamu tuiweke kwenye hiyo 40, ipate nafuu yote. Hata hivyo eneo bunge halipaswi kushuka chini ya watu 98,409.

Lamu Mashariki, yaani Faza, Kiunga na Basuba, ilihesabiwa watu 22,258.

Wapo wanaosema mpaka usogezwe tu, Mashariki ichukue sehemu ya Magharibi. Kaunti nzima ina watu 143,920. Ukiigawa nusu kwa nusu, kila upande unapata 71,960, na zote mbili zimeanguka. Ukiiacha kaunti nzima kuwa eneo bunge moja, inaingia bila tatizo. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 2012 Lamu Mashariki ilinusurika kwa sababu Katiba, katika vifungu vyake vya mpito, ilikataza eneo bunge lililokuwepo kupotea katika mapitio ya kwanza. Ya kwanza tu. Kinga hiyo imeshatumika.

Mombasa nao wana malalamiko yao, na ya haki. Mwaka ule walitoka maeneo bunge manne wakawa sita, Nyali ikakatwa Kisauni na Jomvu ikatoka Changamwe. Lakini Kisauni iliyobaki ilihesabiwa watu 291,930. Mbunge mmoja wa Kisauni anabeba watu kama wabunge kumi na watatu wa Lamu Mashariki. Kwa wastani ule, Mombasa yastahili wabunge saba. Basi Pwani yaweza kuongeza kiti Kisauni na kukipoteza Faza.

Kiti kikipotea, mgao wa CDF wa eneo bunge hilo unakwenda nacho, pamoja na basari. Mbunge mmoja wa kaunti atatafuta kura Magharibi, kwenye watu zaidi ya mara tano. Sidhani atavuka maji kwenda Kizingitini au Kiwayu mara nyingi.

Katiba inaitaka tume iangalie pia jiografia, njia za mawasiliano, historia na mila, lakini ndani ya ile asilimia 40 tu. Hoja ya visiwa peke yake haitoshi. Kinachoweza kuiokoa Lamu Mashariki ni marekebisho ya Katiba yatakayorudisha kinga ile, na hayo hupitia Bungeni, si IEBC. Wanaokuja kuomba kura waulizwe hilo. Mipaka ikishatangazwa rasmi, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu.