Samaki wa Birika: Somo la Kale kwa Mfugaji Mpya

Mtu akitaja kufuga samaki nyumbani, wengi hudhani ni anasa iliyoletwa na Wazungu. Ni kweli kwamba mnamo mwaka 1850, mjini London, mwanakemia Robert Warington alionyesha kuwa samaki, konokono na majani ya majini waweza kuishi pamoja katika chombo cha kioo. Lakini mwenyeji wa Lamu hana haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mwalimu.

Katika majumba ya mawe ya Lamu, chooni mlijengwa birika la mawe na chokaa la kuwekea maji ya kuogea. Ndani yake walitiwa samaki wadogo, kazi yao ikiwa kula viluwiluwi vya mbu. Faida hiyo si haba, kwani mbu ndiye aletaye malaria, naye ndiye asambazaye matende yaliyowatesa watu wa pwani tangu jadi. Na chini kabisa, katika sakafu ya birika, liliwekwa bakuli la kauri ya Kichina. Mgeni huliona kuwa ni pambo tu. Kumbe maji yalipokwisha, au birika lilipokaushwa ili lisafishwe, samaki walibaki salama katika maji yaliyosalia bakulini, mpaka maji mapya yatiwe.

Bakuli hilo lina funzo kwa anayeanza leo: samaki hapendi mageuzi ya ghafla. Samaki akila hutoa taka, na taka hizo hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika tangi lililokwisha kukomaa, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa katika changarawe na chujio, huigeuza sumu hiyo ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Tangi jipya halina vijidudu hivyo. Ndiyo maana mtu hununua tangi asubuhi, akatia samaki jioni, na juma halijesha akawakuta wanaelea. Haraka haraka haina baraka.

Basi anayeanza na achague tangi la lita 60 hivi, wala si kichupa kidogo, kwa kuwa maji machache huharibika upesi. Aliweke juu ya meza imara, maana maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 60, tena mbali na jua kali. Changarawe ioshwe kwa maji matupu bila sabuni. Maji ya mfereji yenye klorini yawekwe wazi katika ndoo usiku kucha. Ya kisima yaonjwe kwanza, na yakiwa ya chumvi yaachwe. Kisha chujio liendeshwe majuma 4 hata 6 kabla ya kutia samaki, na kila siku itiwe chembe ndogo ya chakula ili vijidudu vipate kuzaana.

Hapo ndipo watiwe samaki wanne au watano tu. Gapi wanafaa sana, kwani hupenda maji magumu kama yale yapitayo katika mawe ya matumbawe. Wachaguliwe madume watupu, la sivyo tangi litafurika watoto. Wapewe chakula cha kumalizika kwa dakika mbili, na kila juma ibadilishwe robo ya maji, si yote.

Samaki wa mwambani, mwenye rangi za kuvutia, na aachwe baharini. Maji matamu yatamwua. Na gapi waliozidi wasimwagwe katika madimbwi, wakaja kuwasumbua viumbe wa asili.

Dini haikatazi starehe hii. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza mtoto Abu Umair kufuga ndege wake, bali alimtania kwa upole. Lakini ni yeye pia aliyetupasha habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Kiumbe aliyefungiwa ni amana: hawezi kujitafutia riziki wala kuyakimbia maji machafu.

Kwa hiyo asiyeweza kungoja majuma sita, na anunue picha ya samaki aitundike ukutani.