Nyumba ya Marehemu Ambaye Mirathi Yake Haijafungwa

Katavi ni mkoa uliobeba jina la mzimu. Wazee wa Kibende husema mzimu huyo, Katabi, anakaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, na hadi leo wapo wanaoacha sadaka chini yake. Kwa hiyo mteja anapoingia ofisini hapa Mpanda akasema nyumba aliyonunua Kawajense haikaliki, usiku kuna kikohozi sebuleni, na majirani wanamwambia marehemu mwenyewe hajaridhika, namsikiliza mpaka mwisho. Kisha namwuliza: aliyekuuzia ni nani?

Mara nyingi ni mtoto mkubwa wa marehemu, au baba mdogo, aliyeshika muhtasari wa kikao cha ukoo wenye muhuri wa mtaa. Hapo ndipo ilipo shughuli ambayo marehemu aliiacha njiani. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, hakimteui. Anayeteua ni mahakama, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Asiye na barua ya usimamizi hana mamlaka ya kuuza, hata awe mtoto wa kuzaa, hata fedha ziwe zimeshagawanywa na kuliwa.

Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 ya kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye mali na madeni yote ya marehemu. Baadaye huleta Fomu Na. 6, inayoeleza mali zimekwenda wapi. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, omba masjala ya mahakama uzione. Kwenye Fomu Na. 5 tazama kama nyumba unayoitaka imo kwa namba ya kiwanja na kitalu, au imeandikwa tu “nyumba moja, Nsemulwa” wakati marehemu alikuwa na mbili. Tazama na upande wa madeni. Mfanyabiashara wa mpunga aliyekufa bila deni hata moja kwenye karatasi hunitia wasiwasi. Nyumba ikiwa na hati, jina la msimamizi huingizwa kwanza kwenye rejista ya ardhi badala ya la marehemu, ndipo uhamisho kwenda kwako ufuate.

Anayesahaulika kuliko wote ni mjane, na hili linaniuma. Amri ya sheria za kimila ya 1963 ilisema mjane hana fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili walioondolewa majumbani kwao kwa mila za Kisukuma waliipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzitengua. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba haki zao zimekiukwa. Katavi tuna familia nyingi za Kisukuma zilizohamia na mifugo yao, na ninyi wanunuzi mnaonyeshwa nyumba huku mama aliyechota maji ya kufyatulia matofali yake akiwa ameketi uani, hakuna anayemwuliza kitu. Mwulizeni ninyi.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu huhesabiwa tangu siku ya kifo. Aliyekuwa mtoto siku ya msiba anaweza kupewa nafasi zaidi. Kwa hiyo hata ukiwa umeshapaka rangi na kuchimba kisima, bado unaweza kuitwa Baraza la Ardhi na Nyumba.

Badala ya kwenda mahakamani, wengine huita lambalamba, mganga wa kufichua wachawi. Atachimba kwenye kizingiti, atatoa kitu, na kidole kitaangukia kwa bibi kizee wa jirani. Katika mikoa hii ya magharibi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na baada ya yote mirathi bado iko wazi.

Kama umeshanunua, usikimbie nyumba. Watake wanandugu wafungue mirathi, msimamizi ateuliwe, kisha mauziano yaandikwe upya naye kama muuzaji. Na kama kiwanjani kuna kaburi, kama ilivyo kawaida huku vijijini, lichoreni kwenye ramani ya mauziano, pamoja na upana wa njia ya kuliendea na siku ambazo ndugu watakuja kufyeka na kusali. Mjane na watoto watie saini ukurasa huo.