Mshono Usioonekana wa Zélie Martin

Katika barua mojawapo kati ya nyingi alizoacha, Zélie Martin anasema hana furaha kubwa kuliko pale anapoketi dirishani kwake akiunganisha vipande vya lesi. Niliisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikaipita. Kesho yake nikairudia. Zélie ni mtakatifu wa Kanisa Katoliki, mama aliyehudhuria misa ya alfajiri siku baada ya siku. Nilitegemea aseme furaha yake iko mbele ya altare, au kitandani pa mtoto aliyelala. Yeye akasema dirishani, na sindano mkononi.

Tungemwandikia wasifu wa marehemu kama ule tunaousoma misibani kwetu, ungetosha nusu ukurasa. Marehemu alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, kijiji cha Gandelain, karibu na mji wa Alençon, Ufaransa. Alitamani utawa, akakataliwa. Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa. Walijaliwa watoto 9, wanne wakatangulia mbele za Mungu wakiwa wadogo. Alisumbuliwa na uvimbe wa titi kwa miaka mingi, akaaga dunia tarehe 28 Agosti 1877 akiwa na miaka 45. Alikuwa mke mwema, mama mlezi na mcha Mungu.

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini Zélie hayumo.

Wengi wetu tunamfahamu kupitia kitinda mimba wake, Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye makanisa makuu ya Tabora na Arusha yamewekwa chini ya jina lake. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu kwa pamoja, mke na mume. Basi sifa za mama huyu zimeshaandikwa na wakubwa. Mimi nabaki na lile dirisha.

Lesi ya Alençon haijui mashine. Ni sindano na uzi tu. Mchoro hutobolewa tundu tundu juu ya ngozi nyembamba, uzi wa mzingo ukapitishwa kufuata matundu hayo. Ndani ya mzingo hufumwa kimia, macho yake madogo kiasi kwamba ukikaa mbali kidogo huyaoni. Maua na majani hujazwa kwa mishono ya karibu karibu hadi yapate kivuli, kisha kingo hutariziwa ili ziinuke. Hapo wembe hupenyezwa kati ya ngozi na kazi, nyuzi za kushikiza zikakatwa, na lesi ikatoka nzima kama ganda jembamba la kitunguu. Vijinyuzi vilivyobaki huondolewa kimoja kimoja. Mwisho kabisa fundi huchukua gando la kamba koche, akayasugua yale maua taratibu hadi yang'ae.

Kamba koche tunamjua sisi wa pwani. Ganda lake likishavunjwa na nyama ikaliwa, linatupwa. Kule gando la kamba wao ni zana ya fundi, na hadi leo linatumika. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka kazi hii kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Sentimita moja ya mraba hula saa 7. Kuimudu kazi yote huchukua miaka 7 hadi 10 ya mafunzo.

Wakati wa Zélie kila mwanamke alikuwa na hatua yake. Mmoja alijua kimia, mwingine kujaza, mwingine kutarizi kingo. Walifanya kazi majumbani mwao, na Alhamisi wakavileta kwake vipande vidogo, urefu wa sentimita 15 au 20. Zélie alikuwa amefungua biashara hiyo akiwa msichana wa miaka ishirini na ushee. Alitafuta oda, akanunua uzi, akagawa kazi, akalipa. Ilikua hadi mwaka 1870 Louis akaliuza duka lake la saa ili aisimamie biashara ya mkewe. Sijui ni wanaume wangapi wa mtaa wetu leo wangefanya hivyo bila kikao cha ukoo.

Kazi moja aliibakiza mikononi mwake mwenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ni kuunganisha. Vipande vilivyotoka kwenye mikono tofauti, mmoja amekaza uzi, mwingine ameulegeza, alipaswa kuvifanya kuwa kitambaa kimoja. Mshono hauwezi kwenda moja kwa moja, maana jicho litauona. Unazunguka ukingo wa ua, unajificha chini ya jani, unafuata njia ileile ya kimia. Palipochanika huzibwa kwanza. Sindano yake ni nyembamba mno, na mwanga unaofaa ni wa mchana tu, ndiyo maana ya dirisha. Kazi ikiisha, mteja hatakiwi kujua kwamba kulikuwa na vipande. Akiuona mshono, fundi ameshindwa.

Hapo ndipo niliponasa. Kuna ufundi ambao ukifanikiwa haumwachii mwenye nao alama yoyote.

Lakini Zélie aliandika barua. Zimebaki zaidi ya 200, nyingi kwa mdogo wake wa kiume aliyekuwa mfamasia mjini Lisieux, kwa wifi yake, na kwa binti yake Pauline aliyekuwa shule ya bweni. Aliziandika usiku, watoto wakishalala. Humo mshono unaonekana, kwa sababu hajifichi. Lesi hiyohiyo inayompa furaha dirishani, kwenye barua nyingine anaiita balaa linaloyafanya maisha yake kuwa magumu. Oda zikizidi, anasema, yeye ni mtumwa, tena wa utumwa mbaya kuliko wote. Zikipungua, anaiona hasara ya faranga 20,000 ikimkodolea macho, na wafanyakazi aliowapata kwa taabu wakihamia kwa wengine, na usingizi unakatika kwa majinamizi. Maneno yote mawili ni yake, la furaha na la utumwa. Kwenye wasifu tungechagua moja.

Kuhusu watoto waliokufa, anaeleza jinsi alivyowafumba macho na kuwaandaa kwa maziko. Watu walimwambia ingekuwa afadhali asingewazaa. Anamwandikia wifi yake kwamba maneno hayo hakuyavumilia. Mizani yake ilikuwa nyingine: mateso ya siku chache hayawezi kupimwa na uzima usio na mwisho wa wanawe. Aliisema imani hiyo kwa ukali wa mtu aliyebishana nayo.

Mmoja wa waliokufa, Mélanie-Thérèse, alikufa mwaka 1870 baada ya mama wa kumnyonyesha kumwacha na njaa. Kwa hiyo Teresia alipodhoofu, Machi 1873, Zélie aliondoka alfajiri peke yake kwa miguu kwenda kijiji cha Semallé, mwendo wa kilomita 8 hivi, kumtafuta mama mwingine wa kunyonyesha. Njiani alikutana na wanaume wawili waliomtia shaka. Anaandika kwamba hata wangemuua, asingejali. Kifo kilikuwa tayari moyoni. Yule mama alipofika na kumwona mtoto alitikisa kichwa, kana kwamba amesumbuliwa bure. Zélie akapanda chumbani kusali. Aliposhuka, mtoto alikuwa ananyonya.

Uvimbe wa titi aliutaja kwa mdogo wake tangu 1865. Alikwenda kwa daktari Desemba 1876. Daktari alimweleza kuwa hali ni mbaya, kisha akamwandikia dawa. Zélie akamuuliza inasaidia nini. Daktari akamtazama, akajibu kwa sauti ya chini kwamba haisaidii kitu, huandikwa tu ili kuwaridhisha wagonjwa. Siku chache baadaye daktari wa upasuaji kule Lisieux alisema muda wa kupasua ulikwishapita. Juni 1877 alikwenda Lourdes na binti zake wakubwa, akarudi bila kupona. Agosti hiyohiyo akafa. Teresia alikuwa hajatimiza miaka mitano.

Kwa nini miaka 11 ipite? Watoto, oda, misiba, vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870, huenda hata hofu. Wanawake wetu wanaofika kliniki uvimbe ukiwa umekomaa wangetujibu, lau tungewauliza kabla ya siku ya kusomwa wasifu.

Kuna jambo jingine ambalo sijui niliweke wapi. Binti wa tatu, Léonie, alikuwa mtoto mgumu, na mama yake alikata tamaa juu yake mara nyingi. Miezi michache kabla ya kufa ndipo Zélie alipobaini kwamba msichana wa kazi amekuwa akimtawala mtoto huyo kwa vitisho, na kumlazimisha amtii yeye badala ya mama. Ndani ya nyumba ileile. Mwanamke aliyeona uzi mmoja uliolegea katika kazi ya mikono ya watu wengi hakuliona hilo. Alipoligundua alimvuta Léonie kwake kwa siku zilizobaki, akawa anatamani kuishi kwa ajili yake hasa. Je, ile kazi ya dirishani ndiyo iliyomfunga macho? Au ndiyo iliyoilisha nyumba na kumpa pumzi ya kubeba mengine yote? Nimezisoma barua hizo nikiwa na maswali yote mawili, na yote mawili bado ninayo.

Naheshimu maneno tunayoyatumia misibani. "Mke mwema" si neno jepesi, wala "mcha Mungu". Ila nikisikia yanasomwa harakaharaka, karatasi ikitetemeka mkononi mwa mjukuu, huku akina mama Wakatoliki wa WAWATA wamekaa safu za mbele na sare zao, nataka kuuliza swali moja dogo: mama huyu alipenda kukaa wapi ndani ya nyumba yake, na mikono yake ilikuwa inafanya nini?

Mtu wa kujibu huwa yupo. Mara nyingi ni wifi.